Kijana Asiye na Baba Hujifunzaje Uanaume?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya malezi, na Mwenyekiti ameniachia nichague upande niutakao. Nimechagua upande ambao watu wengi huupita kimya kimya. Kijana asiye na baba hujifunzaje kuwa mwanamume? Nasema nikijua kwamba humu ukumbini, katika mabenchi ya mbele na ya nyuma, wamo wengi ambao swali hili ni lao. Baba za wengine wamefariki. Baba za wengine wako hai, lakini hawapo.

Sikuja kuwaombea huruma. Huruma ni kitu kizuri, ila haimfundishi mtu kazi. Nimekuja kusema jambo moja tu, nalo ni kwamba uanaume haurithiwi kwa mtu mmoja kama shamba la minazi. Hukusanywa, kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule. Kijana aliyefiwa na baba anaweza kuukusanya wote, mradi pawepo mtu wa kumwonyesha pa kuutafuta, na pawepo wanaume walio tayari kutoa.

Marehemu baba yangu alikuwa Mha wa Kasulu. Alikuja wilaya ya Kilosa katika miaka ya 1950 kukata mkonge. Vijana wa leo huenda hamjapata kulisikia neno manamba. Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, wenye mashamba ya mkonge Tanganyika waliunda chombo cha kukusanya vibarua, kikajulikana kwa jina la SILABU. Watu walichukuliwa kutoka sehemu za mbali kama Kigoma, Songea na Njombe, wakapelekwa kwenye mashamba ya Tanga, Morogoro na kwingineko. Kila mmoja alipewa namba, na ndiyo asili ya jina lile. Mkata mkonge alikuwa na kipande cha siku 30. Majani aliyafunga matita, kila tita majani 30, na siku ambayo kazi yake haikutimia haikuandikwa. Baba alikuja katika maisha hayo, akamwoa mama yangu, ambaye ni Mkaguru, wala hakurudi tena kwao. Alifariki mwaka 1973 kwa maradhi ya kifua. Mimi nilikuwa na miaka 9, na nyuma yangu walikuwapo wadogo zangu wawili, wasichana.

Siku ya matanga watu wazima walinishika bega mmoja mmoja, wakaniambia, "Sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii." Kila mwana wa kiume aliyefiwa ameambiwa maneno haya. Husemwa kwa nia njema, lakini ni mzigo usiopimwa. Mama aliyasikia akayakataa mbele ya watu. Alisema, "Huyu ni mtoto. Msimtwike." Na majirani walipoanza kumsifu kwamba sasa atakuwa baba na mama pamoja, hilo nalo alilikataa. Alisema, "Mimi ni mama, na umama wenyewe siku nyingine unanishinda. Baba tutamtafutia."

Wengine walidhani anataka kuolewa. Sivyo alivyokusudia. Alikusudia kwamba mambo ambayo mwanangu angejifunza kwa babaye, nitayagawa, na kila jambo nitalitafutia mtu wake. Tangu siku ile mpaka nilipomaliza shule, mama alifanya hivyo kwa mpango, kama mtu anayepanga mbegu za msimu.

Ndugu zangu, katika jambo hili mama hakuzua kitu kipya. Kwa Wakaguru, kama ilivyo kwa Waluguru na Wazaramo, ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake hata baba akiwa hai. Na katika makabila mengi yenye jando, anayekaa na kijana kumfundisha mambo ya utu uzima ni kungwi. Baba hungoja nyumbani. Wazee wetu walijua kwamba baba mmoja hatoshi, hata akiwa mwema na mwenye afya. Sisi wa leo ndio tulioingiwa na fikra kwamba asipokuwapo mtu mmoja basi kila kitu kimeharibika.

Tazameni na nje ya kwetu. Mtume Muhammad alizaliwa babaye amekwisha kufariki, akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib. Nelson Mandela alifiwa na babaye angali mtoto, akachukuliwa na Jongintaba, aliyekuwa akishika utawala wa Wathembu. Mandela mwenyewe ameeleza katika maisha yake jinsi alivyokuwa akiitazama mikutano ya pale Mqhekezweni. Mtawala aliwasikiliza watu wote, wakubwa kwa wadogo, na yeye akasema mwisho. Kijana yule hakupewa somo la uongozi kwa ubao na chaki. Aliachwa akae karibu, atazame. Rais Daniel arap Moi wa Kenya alifiwa na babaye mwaka 1928 akiwa na miaka kama minne, na kaka yake ndiye aliyemshika mkono. Siwataji hawa ili mjione mtakuwa wakuu. Nawataja kwa sababu nyuma ya kila mmoja alikuwapo mtu mzima aliyesogea kidogo akampa nafasi ya kukaa.

Sasa nitawaeleza wanaume watatu walionipa mimi nafasi hiyo, na alichonipa kila mmoja.

Wa kwanza ni baba mdogo, ndugu yake marehemu baba. Alifika kutoka Kasulu miezi michache baada ya msiba, safari ya treni ya mbali. Alikuja na ujumbe wa ukoo kwamba mjane arithiwe, na mrithi ni yeye. Mama alimpokea kwa heshima zote, akampikia, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu kwamba hataki, na kwamba anabaki kwao na wanawe. Ilikuwa haki yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe yu huru kukaa atakapo, na yu huru kuolewa na amtakaye au kutoolewa kabisa, hata kama mila inasema vingine. Lakini sheria iko mjini, na sisi tulikuwa kijijini. Baba mdogo angeweza kufoka, angeweza kudai vitu vya marehemu. Alinyamaza kitambo, akasema, "Nimekusikia, shemeji." Kesho yake alipanda juu akatutengenezea paa lililokuwa linavuja, na keshokutwa akapanda treni. Nimewaona wanaume wengi wakishinda. Wachache sana nimewaona wakikubali kukataliwa na mwanamke bila kuondoa heshima yake wala yao. Somo hilo nililipata nikiwa na miaka 9, kabla sijajua kama ni somo.

Wa pili ni mjomba, kaka yake mama, fundi seremala. Mama alinipeleka kwake kila siku baada ya shule. Mwaka mzima wa kwanza sikushika randa wala patasi. Nilifagia taka za mbao, nikashika daftari la wateja. Humo niliandika nani ametaka kitanda cha mninga, nani meza, amelipa kiasi gani, na ameahidiwa siku gani. Juma moja kitanda cha bibi mmoja mzee hakikwisha. Nikamwambia mjomba kwamba leo ndiyo Ijumaa iliyoandikwa. Akafunga karakana, akavaa shati, akaniambia nimfuate. Tulikwenda kwa miguu mpaka kwa bibi yule, na mjomba wangu, mtu mwenye ndevu na watu walio chini yake, akasimama uani akasema, "Shikamoo, bibi. Niliahidi leo, nami sikutimiza. Nitaleta Jumatatu, na fedha ya kubeba ni juu yangu." Njiani tukirudi hakunihubiria. Alisema tu, "Umeona haikuniua." Nikajua kwamba neno la mwanamume lina tarehe, na tarehe ikipita, mwanamume mwenyewe huenda akatoa hesabu. Hatumi mtoto.

Wa tatu alikuwa mwalimu wa shule hii. Nilifika hapa Kidato cha Kwanza mwaka 1979. Wakati ule shule za sekondari za serikali hazikuwa na ada, na wanafunzi wa mbali tulipewa waranti ya treni. Kama isingekuwa hivyo, mtoto wa mkata mkonge asingefika. Siku ya kuandikishwa tulipewa fomu, na katika fomu mlikuwa na mstari wa jina la baba, na chini yake mstari wa kazi ya baba. Wenzangu waliandika karani, mwalimu, bwana shamba. Mimi mstari ule niliuacha mtupu. Mwalimu alipozipitia fomu aliniita pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini. Nilipomweleza, akanirudishia kalamu akasema, "Andika: mkata mkonge, marehemu. Watu wamejenga nchi hii kwa mkonge." Nikaandika. Mwalimu huyohuyo, siku za shamba la shule, alikuwa akilima tuta lake mstari mmoja na sisi, na tukimaliza kabla yake alituambia tumsubiri, wala hakuona haya. Kwake yeye nilipata jambo la tatu, kwamba asili yako huisemi kwa kujitapa wala huifichi. Unaisema kama ilivyo, halafu unashika jembe.

Ndugu Mwenyekiti, nisiwafanye vijana wadhani kwamba kila mwanamume aliyenikaribia alikuwa na la kunipa. Walikuwapo wengine. Alikuwapo mmoja katika kilabu cha pombe karibu na stesheni ambaye alipenda sana kuwaita wavulana wasio na baba. Alituambia kwamba mwanamume ni yule anayemaliza kibuyu bila kuyumba, na ambaye mkewe hamuulizi anakotoka. Alikuwa mcheshi, na kwa kijana aliyekosa sauti ya kiume nyumbani, ucheshi ule ulivuta kama moto usiku wa baridi. Mama hakunipiga wala hakunikataza. Alinipa kipimo. Aliniambia, "Nenda kwake jioni moja, ukae karibu na nyumba yake. Watoto wake wakisikia hatua zake, tazama wanakimbilia wapi. Wanakimbilia mlangoni, au wanakimbilia uvunguni?"

Nilikwenda nikatazama. Sikurudi tena kilabuni kwake.

Vijana wangu, kipimo hicho nimekitumia maisha yangu yote, kwa wakubwa wangu kazini na kwa rafiki zangu. Nakiacha kwenu. Siku hizi kijana anaweza kujifungia na simu saa nzima akisikiliza watu wasiomjua wakimfundisha uanaume. Hao humfundisha jinsi ya kutamba, jinsi ya kupata fedha kwa siku tatu, jinsi ya kuwadharau wanawake, na mama yake akiwa ndani ya hesabu hiyo. Sisemi kwamba simu haina jema. Nasema kwamba mtu wa kwenye simu humwoni akirudi nyumbani kwake. Hujui watoto wake hukimbilia wapi. Mfuate mtu ambaye unaweza kuzisikia hatua zake.

Liko jambo jingine ambalo ni gumu zaidi, nalo ni baba mwenyewe ambaye hayupo. Mtoto aliyefiwa hujitengenezea baba kichwani. Akiona wenziwe wanaonewa na baba zao, wa kwake humfanya malaika. Na yule aliyetelekezwa, wa kwake humfanya shetani. Wote wawili wanaishi na mtu ambaye hakupata kuwapo. Mwaka 1982, nilipomaliza Kidato cha Nne, nilipanda treni mpaka Kigoma, na kutoka huko nikaenda Kasulu kumwona baba mdogo. Alinionyesha mahali baba alipozaliwa. Nikamwomba anieleze habari zake zote, asichague. Akanieleza kwamba baba alikuwa mchapakazi na mwimbaji, na kwamba alikwenda manamba bila kumuaga mama yake, na miaka mingi hakuleta barua wala senti moja, na mama yake alikufa akimtazamia. Usiku ule sikulala vizuri. Lakini kulipokucha nilijiona nimekuwa mzito kidogo, kama mtu aliyepata kivuli. Nilikuwa nimepata baba wa kweli, mwenye jasho lake na deni lake. Wenye mama, bibi, shangazi na baba wadogo walio hai, waulizeni mapema. Wazee hawangoji.

Mwaka 1993 nilipata mtoto wangu wa kwanza. Kazi nilikuwa nayo, na chakula kilikuwapo. Hofu yangu ilikuwa kitu ambacho sikuweza kumwambia mtu. Sikujua baba hufanya nini saa kumi na mbili jioni akirudi nyumbani. Sikuwa nimekiona kitendo hicho kikitendeka kwetu tangu nikiwa na miaka 9. Ofisini tulikuwa na dereva mmoja, mtu wa maneno machache. Tukimpitia kwake jioni nilikuwa namwona anakaa kwenye kigoda nje, na kabla hajala, kila mtoto wake anakuja kwa zamu anamweleza siku ilivyokwenda. Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Nikanunua kigoda. Nilikuwa mtu mzima wa miaka 29 na bado nilikuwa nakusanya, na nawaambieni wenzangu kwamba haikunipunguzia kitu.

Sasa nina maneno kwa pande mbili.

Kwenu vijana ambao swali hili ni lenu. Msikubali kuitwa baba wa nyumba kabla ya wakati. Saidieni nyumbani kwa nguvu zote, tekeni maji, limeni, walindeni dada zenu. Lakini kazi yenu ya sasa ni kusoma na kukua, na mtoto aliyetwishwa uzee hukua amepinda. Pili, msione haya kuomba. Mwendeeni mwalimu, fundi, shehe, padri au mchungaji, mwambieni, "Naomba nikae nione unavyofanya kazi." Watu wengi wazima wangefurahi kuombwa hivyo, ila hakuna anayewaomba. Na kabla hamjaomba, pimeni kwa kipimo cha mama yangu.

Kwetu sisi wazee. Mwenzetu akifariki, tunajua sana kuchanga. Daftari la rambirambi la Chama chetu ni safi, na namshukuru Mhazini. Lakini tunakwenda mazikoni, tunashika watoto mabega, tunawaambia ninyi sasa ndio wakubwa, kisha tunapanda magari. Naomba tubadili desturi hiyo. Arobaini ikipita, mmoja wetu arudi katika nyumba ile, na arudi tena baada ya hapo. Mtoto wa kiume huhesabu nani alirudi.

Pia nashauri jambo ambalo halihitaji mfuko wala kamati. Kila likizo, mwenye karakana, shamba, duka au ofisi kati yetu amkaribishe kijana mmoja wa shule hii aje atazame kazi, kwa idhini ya mama yake au mlezi wake na kwa ufahamu wa Mwalimu Mkuu. Asipewe hotuba. Apewe ufagio na daftari, na aone siku tunayotimiza ahadi na siku tunayokwenda kuomba radhi. Nimekwisha kuzungumza na Mwalimu Mkuu, na karatasi ya kuandikia majina iko juu ya meza pale mlangoni.

Na neno la mwisho nalisema kwa adabu, kwa kuwa tu ndugu. Katika sisi tuliokaa hapa wamo wenye watoto mahali ambao hawajaiona sura ya baba yao miaka mingi, naye baba yu hai, amevaa suti, anakula pilau pamoja nasi. Simjui ni nani, wala sitaki kujua. Huyo sina la kumfundisha. Namwomba tu asingoje mtoto wake apande treni kwenda kumuulizia kwa watu. Usafiri upo wa namna nyingi siku hizi.

Wahenga walisema, mti hauendi ila kwa nyenzo. Nyenzo zangu zilikuwa mwanamke mmoja aliyejua kuomba, na wanaume wachache waliokubali kuombwa. Karatasi iko mezani, ndugu zangu, na kalamu iko juu yake.